Kibuyu cha Heshima

Kamenu, Thika
Alhamisi, saa nane mchana

Maitu, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Makongeni kusukwa na umesema utarudi kabla ya saa kumi na mbili. Msusi wako namjua, akianza hadithi zake ni saa moja na zaidi, lakini leo siwezi kuutegemea mdomo wake. Nina saa nne za kuandika jambo lililonishinda kwa miaka ishirini na sita. Na mtu linayemhusu ameketi barazani, hatua sita kutoka mezani hapa, amejifunika ile blanketi yake ya mistari. Ameshaniuliza mara mbili ninafanya nini. Mara ya kwanza nilimwambia natafuta miwani. Mara ya pili akasema, "Miwani haikwaruzi karatasi, Baba Nyambura." Anaisikia kalamu.

Mambo ya sweta, ya chaja na ya kutosahau kupiga simu sitayagusa. Shangazi yako ameyasema tangu Jumapili, na akikusindikiza kesho atayarudia njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Mimi nina moja tu. Nilikusudia kulificha ndani ya begi lako, chini ya ile sweta ya kijani, ulikute ukiwa umeshafika huko, mbali, ambapo sitauona uso wako ukisoma. Unaona baba yako alivyo jasiri.

Unakumbuka ile Jumamosi ulipotuonyesha picha za Roussillon, huko Ufaransa unakokwenda kufanya kazi? Uliiweka simu mezani, ukatuonyesha mizabibu mifupi imepandwa kwenye ngazi za mawe, mlima unaanguka moja kwa moja baharini, na mitungi mikubwa ya kioo imepangwa nje juani, imejaa mvinyo mwekundu kama damu ya kuku. Ukasema inaachwa pale mwaka mzima, iunguzwe na jua na ipulizwe na upepo unaovuma mpaka watu wanakosa usingizi. Mjomba wako Gitau alikuwa anakula ugali, akaacha kutafuna ili asikilize vizuri. Wewe ukaeleza jinsi wanavyoufanya uwe mtamu. Kwamba zabibu zikiwa katikati ya kuchacha, kabla sukari haijaisha, wanamimina spiriti, chachu inakufa hapo hapo, na utamu unabaki umefungiwa ndani.

Gitau akacheka. Akasema, "Wanatia spiriti? Na hakuna mtu anapofuka huko?"

Ukamjibu bila wasiwasi, "Anko, hii ni spiriti ya zabibu. Inapimwa, iko na sheria yake. Si ile ya hapa."

Akasema, "Ningepata hao wazungu mapema, leo ningekuwa bado naendesha lori."

Nikainuka nikasema naenda kuongeza makaa. Jiko lilikuwa limejaa makaa, maitu. Uliona, kwa sababu ulinifuata kwa macho mpaka mlangoni, halafu kesho yake ukaniuliza kama sitaki uende. Nikasema nataka. Ulidhani namwogopea msichana wangu kufanya kazi ya pombe. Sivyo. Najivunia mpaka nachosha watu. Pale dukani kwa fundi wa redio wananikimbia nikitaja neno Roussillon, kwa maana nalitamka vibaya na bado naendelea kulieleza.

Wewe unajua Gitau alipofuka kwa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, ya kule Witeithie. Mama yako alikuambia hivyo, na alikuambia alichokijua. Amezikwa akikijua hicho hicho.

Haikuwa chang'aa ya Witeithie.

Nimelikazia macho hilo neno kwa muda na nyumba haijaanguka, kwa hiyo naendelea.

Tulipokwenda kumposa mama yako kwao Ruiru, tulitakiwa kupeleka pombe, kama ilivyo desturi yetu. Si bia ya dukani. Muratina, ya asali na maji, iliyochachushwa kwa yale matunda yaliyokaushwa. Babu yako ndiye aliyekuwa anajulikana kwa kuitengeneza, lakini wiki hiyo mgongo ulimlaza, akaniachia. Ilikuwa Julai. Unaijua Julai ya Thika, baridi isiyo na mvua, mbingu imefunikwa toka asubuhi mpaka jioni. Pombe ile inataka joto. Nilikaa nayo jikoni siku tatu, nikaifunika kwa magunia, nikaizungushia makaa, na Jumamosi alfajiri nilipoionja ilikuwa maji ya asali. Haikuwa imeiva.

Nilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kwenda kwa babu yako pale kitandani nimwambie, "Baba, haijaiva." Angenitukana kidogo, halafu wazee wangepeleka ujumbe Ruiru kwamba tunaomba wiki moja. Watu huomba. Hakuna aliyewahi kukataliwa mke kwa sababu ya baridi. Lakini mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na wiki nzima nilikuwa nimejigamba kwamba naijua kazi hiyo kuliko baba. Nikaona aibu. Aibu yenyewe ilikuwa ndogo, ningeimaliza kwa sentensi moja.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Tulikuwa na spiriti ya kuoshea mashine, na nilikuwa na chupa yake nyumbani kwa ajili ya kusafisha baiskeli. Nilikuwa nimewaona wenzangu wawili watatu wakiichanganya na soda na kesho yake wako kazini. Nikajiambia pombe ni pombe. Sikuitia kwenye mtungi mkubwa, niliogopa ladha ingebadilika watu wajue. Nikaitia kwenye kibuyu kimoja tu. Kibuyu cha heshima, kile anachopewa baba ya msichana kabla ya mtu mwingine yeyote, ili akionja aseme mambo yaendelee. Niliona kikiwa hicho kikali, hakuna atakayekumbuka kwamba ile ya mtungini ni maji.

Baba yake mama yako alikuwa ameshafariki. Aliyeketi kwenye kiti chake siku hiyo ni kaka mkubwa, Gitau.

Alikuwa na miaka thelathini, dereva wa lori la mananasi, mtu wa kucheka mpaka majirani wanatoka nje. Aliniunga mkono tangu siku ya kwanza, wakati shangazi zao wote walikuwa wanasema mchapaji ataishi kwa kula karatasi. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akaonja. Akaniangalia mimi moja kwa moja, kwa macho yale, nayakumbuka yalikuwa na rangi ya kahawa isiyo na maziwa, akasema mbele ya wote, "Muthoni, shemeji yangu, hii imeiva. Hii imeiva kabisa." Akakimaliza chote. Kwa heshima yangu. Kabla hajakimaliza, wazee wengine walikuwa wamekipitishia midomo tu. Mmoja alitapika siku mbili, wakasema ni nyama. Mimi sikunywa, kwa sababu kwetu mposaji hanywi siku yake.

Jioni alitusindikiza mpaka Witeithie, na akirudi akapita na rafiki zake kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chang'aa nyuma ya maduka. Akanywa kikombe kimoja. Jumapili aliamka na kichwa kinapasuka. Jumatatu akasema anaona ukungu mweupe. Jumatano, mama yako aliposimama mbele ya kitanda chake hospitalini, Gitau aliuliza ni nani huyo. Daktari alisema ni pombe yenye sumu, na kila mtu alijua sumu inauzwa wapi.

Hata hapo ningeweza kusema. Alhamisi ya wiki hiyo vijana walikwenda kumbomolea yule mama nyumba. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nikijiambia nimekuja kutazama, halafu mtu akaning'olea bati, akasema, "Shika hapo," nikashika. Yule mama alikuwa ameketi chini kando ya barabara na sufuria zake, akisema neno moja, kwamba chang'aa yake ilikuwa safi. Alisema hivyo mpaka polisi walipompandisha gari. Alifungwa. Nilirudi nyumbani nikanawa mikono kwa sababu bati lilikuwa na kutu.

Miaka mingi baadaye, wewe ukiwa darasa la tano hivi, nilimwona sokoni Makongeni anauza nduma. Alikuwa amezeeka vibaya. Hakunijua. Nilizunguka nikanunua kwa mwingine.

Sasa unaelewa kwa nini Gitau anaishi kwetu. Watu wamenisifu kwa hilo mpaka kanisani. Mama yako aliniambia siku moja kwamba alinipenda mara ya pili siku niliposema kaka yake ahamie hapa. Nilikubali sifa zote, maitu, nikazila. Na huwezi kuniambia kwamba miaka hiyo ya kumkatia nyama na kumnyoa ndevu imelipa kitu, kwa sababu mwenye kutendewa hajui inalipa nini.

Na angalia alichokufanyia wewe. Alikufunga macho kwa leso ukiwa na miaka sita, akakuwekea mananasi matatu mbele, akakuuliza lipi limevunwa leo, lipi jana, lipi lilianguka. Kila Jumamosi, kwa miaka. Ulipokwenda kusomea mambo ya vyakula ulishajua nusu yake. Hiyo pua unayoipeleka Roussillon, ambayo wale watu walikuandikia kwamba wameipenda, ni yake. Aliipata baada ya kupoteza macho, na aliyapoteza kwa mkono wangu. Hesabu ya namna hiyo mimi siwezi kuipiga.

Huko utakuwa mgeni. Utakuwa mweusi peke yako ndani ya ghala, pengine msichana peke yako, na Kifaransa chako bado kinachechemea. Utataka sana waone unaweza. Ninaiogopa siku hiyo kuliko ndege na kuliko baridi. Mtu atakuja akuulize kama pipa liko tayari, wote watakuwa wamesimama wanakuangalia, na wewe utajua ndani yako kwamba bado. Nyambura, sema bado. Useme kwa Kifaransa kibovu. Wacha wakucheke, wacha wakurudishe nyumbani mwezi wa kwanza, nitakupokea uwanjani na maua kama mbunge. Wale wa Roussillon wanatia spiriti ili utamu usipotee, na wanaipima mbele ya watu. Mimi niliitia gizani, ili nisionekane mjinga.

Saa tisa na robo. Ameniita.

Alitaka kujua kama pombe iko sawa. Hujui habari hii, ilikuwa iwe ya kukushtukiza. Wiki iliyopita alinishika mkono akasema, "Msichana hawezi kwenda huko kwa wenye mvinyo bila kubarikiwa na yetu. Tengeneza kidogo, ile ya asali. Mimi ndio anko yake, nimbariki vile inafaa." Sijatengeneza pombe tangu siku ile. Nilitafuta kila kisingizio, mpaka nikamwambia yale matunda hayapatikani siku hizi. Akamtuma mtoto wa jirani kwa mzee wa Makongeni, akayapata.

Basi iko jikoni tangu Jumanne, nyuma ya jiko, imefunikwa kwa gunia. Ni Agosti na jua halijatoka wiki nzima. Niliionja asubuhi ulipokuwa ukioga. Unajua nitakuambia nini. Ni maji ya asali.

Nilisimama pale na kijiko mkononi, mtu wa miaka hamsini, na nakuapia kwamba wazo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa kutuma mtu dukani alete kichupa cha konyagi nichanganye kidogo, iwe na makali. Wazo la kwanza kabisa. Lilikuja lenyewe, kana kwamba nililiwekea kiti miaka yote hii. Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta karatasi.

Lakini nikiendelea kuandika naona ninakufanyia ubaya mwingine. Nataka upande ndege na siri yangu, umpigie mjomba wako simu kila Jumapili ukiijua na yeye haijui. Nimeshamfanya mama mmoja abebe kitu changu. Sasa natafuta wa pili, na ni wewe.

Naweka kalamu chini. Naenda nje.

Saa kumi na moja kasorobo.

Nimerudi mezani.

Nilikwenda na kibuyu, nikaketi kwenye kile kiti cha mbao mbele yake. Nilimwambia jinsi nilivyokuandikia, kwa mpangilio huo huo, Julai, baridi, chupa ya baiskeli. Nilipofika kwenye kibuyu cha heshima aliacha kuchezea ukingo wa blanketi.

Alisema, "Ulitoa wapi?"

"Kazini. Ile ya kuosha mashine."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua si ya kunywa. Sikujua inafanya nini."

 Lori moja lilipita huko barabarani, akaligeuzia uso kama anavyofanya siku zote, mpaka likaisha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa fimbo. Sikuwa nimejitayarisha kwa alichosema.

"Yule mama wa Witeithie," akasema. "Mimi ndio nilimtaja. Polisi walinikuta kwa kitanda wakaniuliza nimekunywa wapi, nikasema kwake. Waliniuliza kama kuna mahali pengine. Nikasema hakuna. Ningewatajia aje hiyo yenu, na ilikuwa njohi ya posa ya dada yangu?"

Alinificha, maitu, bila kujua anaficha nini. Aliona ni aibu kuitaja pombe ya posa ya dada yake mbele ya polisi, ndiyo akaacha ile ya kwetu akataja ile nyingine. Akasema pole pole, "Kwa hivyo tulimfunga sisi wawili." Mdomo wake ukaanza kucheza. Nimeishi naye chini ya paa moja miaka kumi na minane, sijawahi kumwona akilia, na sikuwa na haki hata ya kumgusa bega.

Baadaye akauliza yuko wapi. Nikamwambia nilimwona sokoni, na kwamba nilizunguka.

"Ukazunguka."

"Nilizunguka."

"Kesho huyu msichana akishapanda ndege, tunaenda soko. Unanishika mkono, tunauliza mpaka tumpate. Kama amekufa, tutauliza watoto wake."

Nikasema sawa. Halafu akanyoosha mkono, "Leta hiyo kitu." Nikampa kibuyu. Akakinusa kwa muda mrefu, unajua anavyonusa, pua kwanza halafu mdomo wazi kidogo. Akanirudishia. "Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Alisikiliza koo langu.

"Imeiva?"

"Bado," nikasema. "Haijaiva."

Alikitaka tena. Hakunywa. Amekiweka mapajani, amekishika kwa mikono miwili, na mpaka ninavyoandika hivi bado amekishika. Sijui kama atakubariki nacho au atakimwaga chini. Sikuuliza, na wewe usimuulize. Nilipoinuka akaniambia, "Hiyo umekuwa ukiandika ni ya nani?"

"Ya Nyambura."

"Ulikuwa unataka aisome wapi?"

"Huko. Akifika."

"Hapana. Atanisomea hapa, akitoka tu kusukwa, kabla chai. Nimesikia yako kwa mdomo wako. Sasa nataka nisikie vile uliiandika ukidhani sitasikia."

Kwa hiyo barua hii haiendi chini ya sweta. Umemsomea magazeti tangu darasa la tatu, na tangu siku hizo ukijaribu kuruka habari ya kuchosha anainua kidole, "Umeruka." Leo atainua kidole hicho hicho.

Geti limelia. Namsikia akiliita jina lako.

Anzia juu, kwenye maitu. Soma polepole. Sauti ikikukwama pale kwenye kibuyu, pumzika, unywe maji, halafu uendelee. Nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mbao. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye, na usiruke kitu.

Baba yako